MAJI NDANI YA GARI: NANI ALAUMIWE?

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini msomaji mpenzi, ningependa kuwauliza wahenga hao swali moja dogo: je, ufa usipoonekana uliko, utauziba vipi? Swali hili lilitusumbua nyumbani kwetu hapa Kitale likizo nzima ya Aprili, na nusura litutenganishe na jamaa yetu wa damu. Ndiyo sababu nimeona heri nilete habari hii katika jarida la Chama chetu cha Kiswahili, ili walimu wetu walio na magari wafaidike, na sisi wanafunzi tunaotembea kwa miguu tupate la kuwaambia.

Kwanza niwajulishe gari lenyewe. Ni Probox nyeupe, yale magari ambayo Toyota ilianza kuyaunda mwaka wa 2002 na ambayo siku hizi, ukisimama kando ya barabara ya kwenda Webuye, utayaona yakipita kama siafu, mengine yamebeba watu, mengine kabeji, mengine watu na kabeji. Mengi huletwa nchini yakiwa yametumika kwao Japan, na sheria ya Kenya hairuhusu gari la namna hiyo kuingia likiwa limezidi miaka 8. Letu liliingia likiwa limeila miaka hiyo karibu yote, kisha likamtumikia mtu mwingine kabla ya baba kulinunua. Kwa hivyo ni mzee, na mzee huheshimiwa.

Mama yangu hushona sare za shule na kufuma sweta. Kila Jumatatu na Alhamisi Probox hupakiwa mizigo na kuelekea Bungoma kwa njia ya Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye. Karo yangu imo ndani ya mizigo hiyo. Tangu mwezi wa Machi dereva wetu amekuwa binamu yangu, mwana wa senge, yaani shangazi yangu, anayeishi Bungoma. Mshahara wake ndio unaomsomesha dada yake mdogo. Kwa baba yangu, binamu ni mpwa. Naye humwita baba khocha, yaani mjomba. Walio Wabukusu kama mimi wanajua kwamba khocha ni mtu mzito. Akikukaripia, unainamisha kichwa.

Basi mvua za masika zikaanza. Wenyeji wa Kitale hawahitaji kuelezwa mvua ya kwetu. Mji wetu uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mlima Elgon ukiwa magharibi, na mawingu yakikusanyika huko saa nane mchana, saa tisa unatafuta pa kujikinga. Jumatatu moja binamu alifika Bungoma, akafungua mlango wa nyuma, akakuta furushi la chini limelowa chepechepe. Sweta za rangi ya damu ya mzee zilikuwa zimetoa rangi na kuyachafua mashati meupe 40 yaliyokuwa chini yake. Mwenye duka alitazama mara moja tu, akasema, "Hizi rudisha. Mimi siuzi madoa."

Jioni hiyo baba alilikagua gari kwa tochi. Nyuma ya kiti cha dereva, chini kwenye karpeti, palikuwa na maji ya kutosha kuogesha kifaranga. Mbele pia, pale abiria anapoweka miguu, palikuwa na unyevu na harufu ya uvundo.

"Sasa hii maji imetoka wapi?" baba aliuliza. "Dirisha lako uliacha wazi, sindio?"

"Hapana khocha, nilifunga zote."

"Tangu uje ndiyo gari imeanza kujaa maji. Kabla yako ilikuwa kavu!"

Binamu hakujibu. Kuanzia usiku ule, baba alikuwa akichukua ufunguo na kulala nao.

Nilimwonea huruma binamu, lakini huruma haikaushi karpeti. Nilichofanya ni kutandika magazeti makuukuu sakafuni mwa gari, mbele na nyuma. Usiku mvua ilinyesha kama kawaida. Asubuhi magazeti yalikuwa yamelowa mahali palepale, ilhali madirisha yote yalikuwa yamefungwa na ufunguo ulikuwa chini ya mto wa baba. Nilimwonyesha. Alikuna kichwa, akasema labda binamu alikuwa ameosha karpeti kwa ndoo na maji hayajakauka. Mtu akishahukumu, ushahidi humfikia ukiwa umechoka.

Hata hivyo, alikubali gari lipelekwe kwa fundi mmoja hapa mjini. Fundi huyo hakutoa kiti wala kuinua karpeti. Alilizunguka gari mara moja, akatoa mrija wa silikoni, akapaka kila mahali palipo na mwanya: ukingo wa kioo cha mbele, pembe za paa, na hata vitundu vidogo vilivyo chini ya milango. Akapokea shilingi 1,500 na kutuaga kwa tabasamu. Mvua iliyofuata, maji yaliingia kama kwanza, na sasa milango ilikuwa na mambo mapya. Ukiufunga mlango unasikia chwa! chwa! kama mtungi unaotoka kisimani.

Baba alikata shauri. Alhamisi tungeenda sote Bungoma, na binamu angerudishwa kwa mama yake. Safari ile hakuna aliyefungua kinywa. Hata tulipopita Webuye, ambapo binamu hupenda kutusimulia hadithi za maporomoko ya mto Nzoia, alikuwa akitazama barabara tu.

Senge alitupokea kwa "mulembe" na chai ya maziwa. Baba alipomaliza kueleza, senge aliweka kikombe chini.

"Ndugu yangu," alisema, "mtoto nilikupa mwenyewe, na ukitaka kumrudisha, mlango uko wazi. Lakini kabla hujamrudisha, peleka hiyo gari kwa yule mzee wa hapa chini. Akisema ni mtoto wangu anayevujisha gari, mimi mwenyewe nitamfukuza kazi."

Nani angebishana na dada yake mkubwa?

Mzee huyo ni fundi wa bodi wa jua kali, anayefanya kazi chini ya mwembe. Alitusikiliza, kisha akauliza maswali matatu ambayo nimeyaandika hapa kwa kuwa kila mwenye gari anafaa kujiuliza. Je, maji huja baada ya mvua peke yake? Je, huja hata siku ya jua, kiyoyozi kikiwashwa? Je, maji ya redieta hupungua?

Alinieleza sababu. Maji ya redieta yaliyotiwa dawa ya kupoza injini huwa na rangi, ya kijani au nyekundu kwa mfano, huteleza vidoleni na yana harufu tamutamu. Yakionekana miguuni pa abiria, huenda hita iliyo nyuma ya dashibodi imetoboka. Mtu asijaribu kuyaonja, ni sumu. Maji ya kiyoyozi nayo ni safi na hayana harufu. Yakimwagikia ndani, basi kile kimpira kinachoyatoa chini ya gari kimeziba. Yetu yalikuja baada ya mvua na hayakuwa na rangi. Mshukiwa akawa mvua.

"Sasa tumpe kesi yake," mzee alisema. "Maji haiingii mahali unaiona. Inaingia kwingine, halafu inatembea."

Hapo nilikumbuka jambo ambalo wengi wetu tumeliona mezani bila kulifikiria. Ukimimina chai polepole kutoka kwenye birika, chai hulifuata domo la birika kwa chini na kumwagikia kitambaa badala ya kikombe. Maji hung'ang'ania kitu yanachokigusa. Ndani ya gari hufanya vivyo hivyo: huingia kwenye tundu dogo, hutambaa chini ya bati, hupita kando ya waya, kisha hudondoka hatua mbili au tatu kutoka pale yalipoingilia.

Kazi ilianza. Kwanza tulitenganisha nyaya za betri, kwa sababu maji na umeme si marafiki. Pili tulitoa viti na kuinua karpeti. Chini yake kuna sponji nene, na hilo ndilo jambo lililonishangaza zaidi: juu karpeti ilikuwa karibu kukauka, lakini mzee alipoikamua sponji, ilitoa maji kama ng'ombe wa gredi. Tuliianika juani. Sakafu ya bati nayo ilikuwa imeanza kutafunwa na kutu. Tatu, tulipangusa kila mahali pakawa pakavu kabisa. Mzee alisema kutafuta mvujo katika gari lililolowa ni kama kutafuta machozi ya samaki.

Halafu akaagiza unga wa poda. Hakukuwa na poda, lakini mfukoni mwa begi langu kulikuwa na vipande vya chaki nilivyoviokota darasani mwisho wa muhula. (Mwalimu wa zamu, naomba radhi, vilikuwa vya kutupwa.) Tulivisaga juu ya jiwe na kuunyunyiza unga ule kwenye bati lote la ndani. Maji yakipita kwenye chaki huacha mstari, na mstari hausemi uongo.

Mimi niliwekwa ndani na tochi, milango ikafungwa. Binamu alishika mpira wa maji nje. Mzee alimkataza kuanza na paa. "Ukianza juu, maji itapitia mashimo yote mara moja, hutajua ni gani. Anza chini, panda pole pole. Na usibane mpira. Mvua haina presha ya kuosha lori." Wakaanza na milango, dakika kama 10 kila mmoja. Kavu. Madirisha. Kavu. Nilisikia baba akikohoa.

Walipofika taa ya nyuma ya upande wa kulia, niliona tone moja likitokeza nyuma ya taa, likafuatwa na la pili, kisha mstari mwembamba ukashuka kwenye chaki kama nyoka mdogo. "Imeingia!" nilipaza sauti. Kwa kuwa gari lilikuwa limeegeshwa mbele kukiwa chini kidogo, kama linavyoegeshwa nyumbani kwetu, mstari ule haukukaa nyuma. Uliteremka kwenye bonde la sakafu, ukapita chini ya kiti cha abiria, ukasimama nyuma ya kiti cha dereva. Pale pale!

Mzee alifungua taa. Nyuma yake hapakuwa na raba ya kuzuia maji. Aliuliza kwa upole, "Hii taa ilibadilishwa lini?"

Baba ndiye aliyejibu, na sauti yake ilikuwa ya chini. Mwezi wa Desemba, wakati wa mavuno, lori lilirudi nyuma sokoni likavunja taa ile. Baba alikuwa akiendesha mwenyewe. Fundi aliyeweka taa nyingine aliiweka bila raba. Januari na Februari hapakuwa na mvua ya maana, kwa hivyo hakuna aliyejua. Mwezi wa Machi binamu akaanza kazi, na muda si muda masika yakaingia. Mvua na mgeni ziliingia mlangoni karibu pamoja, na lawama ikamwangukia yule mwenye jina.

Tulipohamia mbele, tulikuta kisa cha pili. Chini ya waipa kuna mfereji uliofunikwa kwa plastiki nyeusi. Maji yanayoteremka kwenye kioo huingia humo na kutoka kwa matundu yaliyo pembeni. Feni inayopuliza hewa ndani ya gari pia huvuta hewa yake kutoka sehemu hiyo. Nyumbani gari hulala chini ya mjakaranda. Mzee alipotoa plastiki, mfereji ulikuwa umejaa majani yaliyooza hadi yakawa udongo, na mche mmoja ulikuwa umeshaanza kuota! Matundu yakiziba, maji hujaa mferejini kama bwawa, kisha huingia kwenye njia ya feni na kumwagikia miguu ya abiria. Tulizoa majani kwa mikono na kuzibua matundu kwa waya laini. Dawa ya mvujo huo haikugharimu hata senti moja.

Na zile kelele za milangoni? Hapa, wanafunzi wenzangu, nilijifunza jambo ambalo sikuwahi kulidhania. Mlango wa gari haukuumbwa kuzuia maji yote. Mvua hushuka kando ya kioo na kuingia ndani ya mlango wenyewe, kisha hutokea kwenye vitundu vya chini. Kuna karatasi ya nailoni nyuma ya pambo la mlango inayoyazuia yasije upande wetu. Fundi wa silikoni alikuwa ameviziba vitundu vile, na maji yakafungiwa humo. Mzee alipovizibua kwa bisibisi, kila mlango ulitapika. Kumbe kuna mashimo ya kuziba na mashimo ya kuachwa wazi, na asiyejua tofauti yake huongeza msiba.

Kwa taa ya nyuma, mzee alichukua tyubu kuukuu ya gurudumu la lori, akakata raba iliyolingana na taa, akaipaka gundi ya kuzuia maji pande zote mbili na kukaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, ili ikae sawasawa. Kutu aliikwangua hadi bati likang'aa, akapaka rangi ya kuizuia. Binamu akamwaga maji tena. Niliangaza tochi dakika 10, chaki ikabaki nyeupe.

Sponji na karpeti zilichukua siku tatu kukauka. Harufu tuliiondoa kwa jua, milango ikiwa wazi, na karai la makaa makavu yasiyowashwa lililowekwa ndani usiku, kwa maana makaa hufyonza harufu.

Kuhusu baba na binamu, sikusikia maneno mengi. Wanaume wa kwetu hawana hotuba za kuomba msamaha. Nilichoona ni kwamba mzee alipomaliza, baba alitoa ufunguo mfukoni, akampa binamu mbele ya senge na kumwambia, "Mpwa wangu, ukae nao. Hata usiku." Binamu aliupokea kwa mikono miwili. Mama naye alichukua mwezi mzima kufidia yale mashati, na mwenye duka akakubali kupokea mengine.

Ndugu zangu wasomaji, magari ya kwanza, kama lile la Karl Benz la mwaka wa 1886, hayakuwa na paa, kwa hivyo mwendeshaji alilowa na hakuwa na wa kumlaumu. Sisi tuna paa, na ndiyo maana tukilowa tunatafuta mtu. Kwa hivyo nawaachia ushauri huu. Mwenye gari akiona ukungu usioisha ndani ya vioo, akisikia harufu ya uvundo au mlio wa maji anapopiga kona, asingoje. Ainue karpeti na kuikamua sponji. Akiegesha chini ya mti, azoe majani chini ya waipa kila juma. Taa au kioo kikibadilishwa, ajaribu kwa mpira wa maji kabla ya kumlipa fundi. Na fundi anayetoa silikoni kabla ya kutoa kiti, aagwe mapema.

Lakini ushauri ulio mkubwa kwangu hauhusu magari peke yake. Hata hapa shuleni kitu kikipotea darasani, macho yote humgeukia mwanafunzi aliyehamia juzi. Labda ni yeye. Labda naye alifika tu pamoja na mvua. Kabla hatujapiga kura ya lawama, tukaushe sakafu, tunyunyize chaki, tuanze chini, tupande polepole. Chaki hapa shuleni si haba.